Ukiitwa nje kufundisha mdahalo, soma hii kwanza

Juzi kuna dogo kaniandikia meseji, "Shikamoo kaka, nimechaguliwa kwenda Kigali wiki mbili kufundisha wanafunzi mdahalo, unanishauri nini?" Nikaanza kumjibu, nikajikuta naandika gazeti zima, nikaona bora niliweke hapa maana najua mpo wengi mnaozitafuta hizi safari.

Kwanza hongera mdogo wangu. Mi nilienda hukohuko Kigali mwezi wa 8 mwaka 2018, na nilienda na kichwa kikubwa kweli. Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha mzungumzaji bora kwenye mashindano ya vyuo hapa Dar, nimekibandika ukutani mpaka mama mwenye nyumba anakijua, kwa hiyo nilipoitwa niliona kama naidai hiyo safari. Kichwani nilijua naenda kuwafundisha watu kuongea. Rwanda walihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mashuleni mwaka 2008, nikapiga hesabu zangu nikasema hawa madogo watakuwa bado wanababaika, mi nitafika kama mfalme.

Basi lenyewe sitalisimulia, ni zaidi ya siku nzima umekaa, ukifika Kahama miguu sio yako. Ila pale Rusumo, mpakani, jiandae. Ukivuka daraja gari linahamia upande wa kulia wa barabara, saa inarudi nyuma saa moja, na mifuko ya plastiki hairuhusiwi, wenzetu walipiga marufuku zamani wakati sisi huku tulikuwa hatujaanza, yetu ilikuja 2019. Chapati zangu zilikuwa kwenye rambo. Nilizila zote nimesimama mbele ya askari.

Siku ya kwanza nikaaibika. Mi nimekulia kwenye mtindo wa vyuo, ule wa timu 4 za watu wawili wawili, dakika 7 kila mtu, na maandalizi yangu yote yalikuwa hayo, kumbe wale madogo wa sekondari wanacheza mtindo wa shule, watu watatu kila upande, dakika 8, halafu mwishoni kuna hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Nimeongea nusu saa nzima ubaoni ndo dogo mmoja ananyoosha mkono kwa adabu zote, "Ticha, hii sio ya kwetu." Usiku ule sikulala, nasoma sheria ambazo wanafunzi wangu wanazijua toka mwaka jana. Kwa hiyo uliza mtindo kabla hujapanda basi, jamani, ni meseji moja tu.

Na Kiingereza? Kilikuwa kizuri kuliko changu. Tuishie hapo.

Shida yao ilikuwa nyingine kabisa, hawakatizi mtu. Kwenye mdahalo ikishapita dakika ya kwanza unaruhusiwa kusimama na kumrushia mzungumzaji swali, na ndo utamu wenyewe upo hapo, sasa wale watoto wamelelewa kwamba anayeongea anasikilizwa mpaka amalize. Nikawasimulia Bunge letu, mbunge anavyosimama "Taarifa Mheshimiwa Spika!" afu mwenye hoja anaulizwa taarifa unaipokea, anasema siipokei. Wakacheka sana, baadhi yao Kiswahili wanakisikia, na mwaka uliotangulia kilikuwa kimefanywa lugha rasmi kule. Kesho yake mdahalo wa Kiingereza unaenda, mara kitoto cha mwisho kabisa kinasimama, "Taarifa!" Hilo najivunia mpaka leo, na halikuwepo kwenye slaidi zangu hata moja.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sijawahi kukiandika. Siku ya tatu nikatoa mada niliyoizoea, adhabu ya kifo ifutwe. Huku kwetu ni mada ya kila siku maana sheria bado ipo, unaitoa hata kama hujajiandaa. Darasa kimya. Binti mmoja wa S5, yaani kidato cha tano, akasema, "Ticha, kwetu ilishafutwa, 2007." Mtu mwenye akili angeishia hapo akabadilisha mada. Mi nikajifanya mjanja, nikasema basi jadilini irudishwe. Yaani nimesimama Kigali, nawaambia watoto wa pale wajadili nani auawe.

Yule binti akasimama, hakuwa na karatasi. Akaongelea gacaca, zile mahakama za majirani kukaa kwenye nyasi wakawahukumu majirani zao kwa mauaji ya kimbari ya 1994, zilizofungwa 2012 zikiwa zimepitia kesi karibu milioni 2. Akasema watu walitaka waliofanya waseme ukweli, hasa waseme miili ilipo, ili ndugu zao wazikwe, na maiti ya aliyenyongwa haimwonyeshi mtu kaburi. Akakaa. Mi nilikuwa na kadi yangu mkononi imeandikwa hoja tatu, nikaikunja nikaiweka mfukoni. Sikumpa maksi, ningempa maksi gani?

Mwalimu wao aliniita nje, mama mmoja mpole, hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, mada zako niletee jioni kabla." Kila jioni nikawa nampelekea, na kila jioni alikuwa anafuta moja au mbili bila kunieleza kwa nini, na mi siulizi.

Ndo maana nawaambia nyie mnaojiita makochi, tafuta mwalimu wa palepale, mpelekee mada zako, na akifuta usibishe. Ubishi tunaoufundisha unatuharibu, tunadhani kila kitu kina pande mbili na kila mtu yuko tayari kusimama upande wowote kwa dakika 8. Nyamaza. Sikiliza. Narudia tena, nyamaza.

Wiki ya pili ilienda vizuri, sina cha kusimulia.

Kuhusu hela sasa. Waliotualika walisema posho na nauli ya kurudi tutapewa siku ya mwisho. Siku ya mwisho tukapewa picha ya pamoja na maneno matamu. Nimeandika barua pepe nne, sijajibiwa, na sitawataja, ila nauli nilikopa kwa dada yangu na dada yangu hajasahau. Dogo, yaandikwe kwenye karatasi kabla hujatoka Dar, usione aibu kuuliza hela eti kwa sababu unafundisha watoto. Na nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako mwenyewe.

Beba paspoti, kadi ya homa ya manjano na sweta, Kigali usiku kuna baridi. Chapati weka kwenye hotipoti.

Na kile cheti bado kipo ukutani, sijakitoa, siwezi kukudanganya.