Daktari akiuliza mzee anajiwezaje, sema kweli

Baba alianza kulalamika mgongo mwezi wa Ramadhani. Tukasema ni godoro. Tukanunua jipya, tukampa diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, na bado usiku nilimsikia akitoka kukaa barazani, maana akilala ndiyo maumivu yanazidi. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani, kama yeye, akiumwa hivyo, usiseme ni uzee. Mpeleke.

Kipimo cha MRI kilionyesha saratani ya tezi dume imeshafika kwenye pingili tatu za mgongo. Nikamfuata daktari mlangoni: amebakiza muda gani?

Akanirudisha ndani, akachukua kalamu. Wanatumia alama za Tokuhashi, daktari wa Japani, zilizorekebishwa mwaka 2005. Wanaangalia mgonjwa anajiweza kiasi gani, pingili ngapi zimeguswa, mifupa mingine, viungo kama ini na mapafu, nguvu za miguu, na saratani ilianzia wapi. Hilo la mwisho ndilo zito: tezi dume, titi au thairoidi (tezi ya shingoni) hupata 5, mapafu au kongosho 0. Jumla ya juu kabisa ni 15. Ikiwa 8 au chini, makadirio ya kuishi hayafiki miezi 6. Kuanzia 9 hadi 11 ni miezi 6 na kuendelea, na 12 kwenda juu ni mwaka au zaidi. Lengo lake hasa ni kuamua mgonjwa afanyiwe upasuaji wa namna gani, au asifanyiwe.

Daktari akamgeukia mama: mzee anajihudumia mwenyewe? Mama akajibu, "Alhamdulillahi, hajambo, anafanya kila kitu." Ile kanzu aliyovaa baba nilimvalisha mimi, kifungo kimoja kimoja. Chooni alikuwa anapelekwa. Nikanyamaza, kwa kuwa sikuweza kumkanusha mama mbele ya watu. Baba akaandikiwa 12.

Jioni nilirudi peke yangu nikasema ukweli. Ikawa 11. Nukta moja tu, lakini mpango ukabadilika: badala ya upasuaji mkubwa wa kutoa uvimbe wote, wakaamua ule mdogo wa kuuondolea uti wa mgongo mgandamizo, kisha mionzi. Nafikiria mara nyingi mwili ule ungepitia nini kama ningelala na siri yangu.

Kwa hiyo kabla ya kliniki andika: nani anamwogesha, anakaa kitini saa ngapi kwa siku, mara ya mwisho kutembea bila kushikwa ni lini. Ukiona aibu kusema mbele ya wakubwa, mpe daktari karatasi.

Muulize pia kuhusu dawa. Alama hizi zilitokana na wagonjwa wa zamani, na baadhi ya saratani, hata ya mapafu, sasa zina dawa zinazowapa watu muda ambao hesabu ile haikuutarajia.

Ila miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Anayefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea.