Kwa nini visima vya gesi havifunguliwi vyote: kazi ya choki

Mkuu hapo juu kauliza kwa nini wakati wa mgao wa umeme visima vya Songo Songo na Mnazi Bay visiachiwe vyote gesi ya kuzalishia umeme ije kwa wingi, na wengine mmeshadakia kwamba ni hujuma. Mimi nimepiga shifti miaka kadhaa kwenye visima vya gesi huko kusini, ngoja nieleze, ila kampuni msiniulize.

Juu ya kisima kuna ule mlundikano wa mavalvu tunaita krismasi trii, na pale gesi inapotokea ubavuni ndo inakaa choki. Ni tundu jembamba tu ambalo gesi yote inalazimishwa kupita. Linapimwa kwa sehemu za 64 za inchi, ukisikia "tupo 32" ujue tundu lina nusu inchi. Hapa vijana wengi hupigwa chenga: kutoka 16 kwenda 32 si mara mbili, eneo la tundu linakuwa mara nne, na gesi nayo ingepita karibu mara nne kama presha ya kisima ingebaki pale pale. Sasa haibaki, inashuka, na shida inaanzia hapo.

Ukivuta kwa fujo, presha kwenye mwamba karibu na kisima inaanguka, mchanga unalegea unakuja na gesi, na maji yaliyolala chini yanaanza kupanda. Yakishafika usawa wa kisima kuyarudisha ni mtihani, unaweza kubana tena na yasishuke. Kisima kilichokuwa kinatoa gesi kavu kinatema maji, mwisho kinazidiwa na maji yake chenyewe kinakufa, na gesi bado iko kule chini. Halafu mitambo ya kusafishia na bomba navyo vina kiwango chake, hata ukifungua choki yote gesi ya ziada haina pa kwenda.

Kitu ninachokipenda mimi kwenye choki ni hiki. Presha ya mbele ya tundu (upande wa bomba) ikishuka mpaka kama nusu ya ile ya nyuma (upande wa kisima), gesi ndani ya tundu inafikia mwendo wa sauti, na haiendi kasi zaidi ya hapo. Yaani jenereta Ubungo ikizima ghafla na presha ya bomba ikapanda kidogo, kisima hakina habari, kinaendelea vile vile ilimradi ile nusu haijavukwa.

Adui wa kwanza ni mchanga. Unalamba tundu kidogo kidogo hata likiwa la tangsteni kabaidi, ile malighafi ngumu kupindukia, utaona gesi inaongezeka na presha ya kisima inashuka wakati hakuna aliyegusa choki. Ndo maana wakati wa kupima kisima tunaanza na choki ya kurekebishika, kisima kikishatema uchafu tunahamia ya tundu lisilobadilika, maana ile ya kurekebishika ikishalika namba yake inakudanganya.

Adui wa pili ni baridi. Gesi ikishushwa presha inapoa, chukulia kama nusu nyuzi kwa kila baa (kipimo cha presha), shusha baa 50 tayari umepoteza nyuzi 25 hivi. Ikiwa na unyevu inatengeneza haidreti, barafu fulani hivi ya maji na gesi inayoganda hata kwenye nyuzi 10 presha ikiwa kubwa, huko huko Mtwara kwenye joto lote lile. Kuna usiku pampu ya glaikoli, kile kimiminika tunachoingiza kwenye gesi kuzuia haidreti, iligoma, gesi ya kisima kimoja ikawa inapungua yenyewe, kufika pale bomba mbele ya choki limevaa weupe. Dogo mmoja kashika spana anataka kuligonga, nikamfokea vibaya sana, kwa sababu kile kidonge cha haidreti kilichoziba ndani kikiachia na presha iko upande mmoja tu kinatoka kama risasi na kinaweza kupasua kona ya bomba. Tukafunga kisima, tukatoa presha taratibu pande zote mbili, tukasubiri kiyeyuke chenyewe, na tulipofungua tena glaikoli ilikuwa imeshatangulia.

Meneja wa zamu alikuwa anapiga simu kila saa kuuliza kwa nini tunachelewa.