Dola 50 za kununua wasikilizaji

SWALI: Yaya, mimi naimba nyimbo za Injili, niko Katuba, Lubumbashi. Kaka zangu waliuza CD mlangoni mwa kanisa. Leo hakuna anayenunua, watu wanasikiliza kwenye simu. Kijana mmoja anataka dola 50 ili wimbo wangu usikilizwe mara 100,000 kwenye Spotify. Anasema kila kusikilizwa kuna bei yake, hivyo pesa yangu itarudi na faida. Nimpe?

JIBU: Usimpe, mdogo wangu. Swali hili naletewa studio karibu kila wiki, na kila mara linasimama juu ya uongo uleule: kwamba kila kusikilizwa kuna bei. Hakuna bei hiyo.

CD ilikuwa rahisi kuelewa. Mtu alitoa faranga zake, akabeba CD, na hata asingeisikiliza wewe ulikuwa umeshalipwa. Sasa hanunui wimbo, analipia mwezi, au halipi kitu na anavumilia matangazo. Pesa hizo zinaingia chungu kimoja. Spotify inabaki na takriban theluthi moja, zinazosalia zinagawiwa wenye haki kulingana na sehemu ya kila mmoja katika usikilizaji wote wa mwezi. Tena kila nchi na chungu chake: anayelipia Brussels anakuletea zaidi ya anayesikiliza bure hapa Lubumbashi, kwenye mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo. Ndiyo maana waimbaji wawili wenye hesabu ileile ya wasikilizaji hawapati pesa sawa.

Matapeli hawa wanapenda kutisha watu kwa jambo moja la kweli. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haupati chochote kwenye chungu cha rekodi. Basi wanakwambia, "Lipa nikuvushe." Hawakwambii kwamba mwaka huohuo Spotify ilianza kuwatoza faini wasambazaji, yaani kampuni zinazopeleka nyimbo za waimbaji huko, kwa kila wimbo uliojazwa wasikilizaji bandia, na msambazaji anaweza kukudai wewe au kuuondoa wimbo wako. Dada mmoja alikuja kwangu akilia, albamu yake yote imeondolewa, na wasikilizaji wake halisi wa Likasi na Kolwezi wamekwenda nayo. Inaniuma, kwa sababu sauti yake ilikuwa inajitembeza yenyewe.

Pesa za muziki hazijafa. Mwaka 2023 rekodi ziliingiza dola bilioni 28.6 duniani, na theluthi mbili hivi zilitoka kwenye kusikiliza mtandaoni. Lakini siku hizi pesa inafuata karatasi. Nani ameandikwa kuwa mwenye rekodi? Namba ya ISRC, ile ya kuitambulisha rekodi ya wimbo, yenye herufi na tarakimu jumla 12, iko kwa nani? Utunzi umeuandikisha SOCODA, shirika la haki za watunzi hapa Kongo? Haki ya utunzi (maneno na muziki uliotungwa) na haki ya rekodi (sauti iliyorekodiwa) ni vitu viwili, na vijana wengi hapa wanaachilia vyote kwa mtu waliyekutana naye WhatsApp, kwa sababu tu yeye "anajua mambo ya intaneti". Anafungua akaunti kwa barua pepe yake, anaweka namba yake ya simu, na malipo yakija yanakwenda kwake miaka yote wimbo unaposikilizwa.

Kama kijana huyo ameshakufungulia akaunti, mwombe neno la siri leo, weka barua pepe na namba yako, hakikisha umeingia mwenyewe. Ndipo umwambie hutamlipa.