Nani atanizika? Maswali yenu kuhusu imani na kutojua

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba sina dini, na kwamba nikiulizwa kama Mungu yupo, jibu langu la kweli ni "sijui". Tangu siku hiyo simu haijatulia. Wapo walionikemea, wapo walioniombea kwa upendo na nawashukuru, ila walio wengi wameuliza. Kwa wasiosoma makala ile: baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mimi niliimba sauti ya pili kwenye kwaya kwa miaka 14, na niliacha kwenda kanisani nikiwa na miaka 31 bila kugombana na mtu. Majina ya waulizaji nimeyaacha.

Shikamoo mama. Nina miaka 22, nasoma chuo Dodoma. Mimi sisemi Mungu hayupo, nasema sijui. Mwenzangu wa chumbani leo ananiita mpagani, kesho mkanamungu. Mimi ni nani hasa?

Marahaba mwanangu. Mkanamungu ni mtu anayekana, aliyekwisha kuamua kwamba Mungu hayupo. Mpagani ni jina ambalo watu wa dini moja waliwabandika watu wa dini nyingine, halikuhusu. Wewe umesema hujui, na mtu wa namna hiyo huitwa agnostiki. Neno hilo lilitungwa mwaka 1869 na Thomas Huxley, mwanabiolojia Mwingereza aliyekuwa rafiki na mtetezi wa Charles Darwin. Alilitoa kwenye Kigiriki, kwa maana ya asiyejua. Kila aliyekaa naye alikuwa na hakika kwamba amelifumbua fumbo la kuwapo kwetu duniani, naye alikuwa na hakika kwamba hajalifumbua.

Lakini nataka ujue lililotangulia. Septemba 1860 mwanawe mkubwa, Noel, mtoto ambaye hajatimiza miaka 4, alishikwa na homa akafa. Rafiki yake Charles Kingsley, kasisi, alimwandikia kumfariji kwa tumaini la uzima wa milele. Huxley alimjibu kwa barua ndefu, ya heshima kubwa, akamweleza kwamba hawezi kuliamini jambo kwa sababu tu analitamani. Aliandika hayo udongo wa kaburi la mtoto haujakauka. Ninapoambiwa kwamba "sijui" ni neno la watu ambao hawajawahi kufikwa na shida, namkumbuka yule baba.

Jina la agnostiki litumie ukilihitaji. Kwa mwenzako wa chumbani, Kiswahili cha kawaida kinatosha: sijui.

Mimi ni fundi seremala, miaka 46, Moshi. Niliacha kwenda jumuiya miaka minne iliyopita. Mwaka huu jirani yangu amefariki, na kabla ya kupanga ibada ikaulizwa kama marehemu alikuwa anashiriki jumuiya na kutoa michango yake. Familia ilihangaika sana. Sasa mke wangu haniulizi habari za moto wa milele, ananiuliza: wewe nani atakuzika?

Ndugu yangu, swali hili limeletwa kwa maneno tofauti na wasomaji wengi kuliko lingine lolote. Watu hudhani aliyeacha dini anakesha akimuwaza Mungu. Huku kwetu anakesha akiwaza jeneza, turubai, na nani atashika koleo.

Mama yangu alifariki nikiwa nimeacha kanisa miaka mitano. Yeye alikuwa muumini mpaka mwisho. Usiku ule, sijamaliza kupiga simu ya pili, akina mama wa jumuiya walishafika. Mmoja na sufuria kubwa kichwani, mmoja na kuni, wengine wakaingia sebuleni wakatoa makochi nje na kutandika mikeka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Saa kumi alfajiri nilitoka uani nikamkuta mmoja wao, mama mtu mzima kuliko mimi, ameinama anamenya vitunguu kwa mwanga wa simu aliyoibana kati ya bega na shavu. Alikuwa amemaliza nusu gunia.

Nilisimama pale nikaelewa kitu ambacho miaka mitano ya kusoma vitabu haikunifundisha. Mimi nilidhani nimeacha mahubiri tu. Kumbe nilikuwa nimeacha pia mikono. Kuna mizigo ambayo jumuiya, kanisa na msikiti vimekuwa vikiibeba kwa niaba yetu: kuzika, kulisha wafiwa, kumtembelea mgonjwa, kuimba pamoja. Ukitoka, mizigo ile haipotei. Inabaki chini, na lazima mtu aiinue. Mwenye shaka ambaye hajaiinua anaishi kwa migongo ya walioamini, na mimi niliishi hivyo kwa miaka mitano. Inaniuma kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi, kwa vitendo. Kaburi unalo: wewe ni wa Kilimanjaro, na kihamba, yaani shamba la ukoo, hakimuulizi mtu aliamini nini. Kibali cha mazishi hutolewa na serikali, nayo haitaki cheti cha ubatizo. Kinachokupungukia ni watu. Jiunge na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwako. Kama hakipo, kianzishe na majirani kumi. Daftari la rambirambi huandikwa jina na kiasi, basi. Lakini kutoa fedha peke yake hakutoshi, watu wanakumbuka nani alikuwepo. Nenda ukae kwenye jamvi. Chimba. Na wewe ni seremala: siku akifariki mtu asiye na uwezo, misumari na randa yako vitasema juu yako kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Mimi tangu msiba wa mama nimekuwa mmenya vitunguu wa mtaa wetu, mwaka wa kumi na moja huu. Nikisikia kilio nachukua kisu changu na kwenda.

Halafu kaa na mkeo, na kaka yako mkubwa au yeyote mwenye sauti kwenye ukoo, uwaambie unachotaka, na ukiandike. Nani atazungumza, aseme nini. Ila nakuomba uwaachie nafasi. Mazishi ni ya wanaobaki. Kama mkeo atataka kuombewa pale kaburini, usimnyime faraja hiyo kwa karatasi uliyoiacha.

Babu yangu hapa Bungoma husema hajawahi kuwepo Mwafrika asiye na Mungu. Anasema shaka yangu ni uzungu niliousomea. Ana haki?

Babu yako ana mwenzake mzito. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupindukia, na kwamba dini imeingia katika kila pembe ya maisha yao. Lakini mwaka uleule aliozaliwa Mbiti, 1931, Gulu kule Uganda alizaliwa Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia, naye alipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Alisema wasomi walikuwa wanaichukua miungu ya Kiafrika na kuivika mavazi ya Kigiriki na Kikristo.

Okot alisimulia kisa ambacho sijawahi kukisahau. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliyewaumba? Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, kwa hiyo swali lilifika kama "nani aliyewafinyanga?" Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa na mama yake. Wakajibu kwamba hawajui. Wageni hawakuridhika, wakashikilia kwamba lazima jibu lipatikane. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa mzima kisha akapata kifua kikuu cha uti wa mgongo, mwili ukapinda, akawa na kibiongo, kama aliyefinyangwa upya. Pepo aliyesadikiwa kuleta ugonjwa huo aliitwa Rubanga. Mzee akasema: Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Na mapadri wakaanza kumhubiri Rubanga kuwa ndiye Mungu Baba, Muumba wa Waacholi.

Sisemi Okot alikuwa sahihi kwa kila jambo. Wachaga walimtaja Ruwa na Wakikuyu walimwomba Ngai kabla ya misheni yoyote kufika, na Mbiti alizikusanya sala za namna hiyo kwa uangalifu na mapenzi. Ila mwambie babu yako, kwa adabu na mkiwa mnakunywa chai, kwamba wale wazee waliposema "hatujui" walisema kwa Kiacholi, na hakuna chuo walichosomea jibu hilo.

Natarajia kufunga ndoa na dada anayesali, mimi sisali. Lazima nibatizwe?

Hapana. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ile tunayoiita ya bomani. Mnatoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kiserikali ni halali sawasawa na ile ya kanisani. Kubatizwa ili upate harusi ni kumdanganya mchungaji, mkeo na nafsi yako kwa siku moja. Ila ongeeni habari ya ubatizo wa watoto kabla hamjachagua rangi ya sare.

Kuna aliyeuliza kutoka Nakuru aandike nini kwenye fomu penye neno "dini". Andika "sina". Katika sensa ya Kenya ya 2019 watu zaidi ya 755,000 walihesabiwa hivyo, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kumshangaza karani. (Kwetu Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967.) Hospitalini mimi humwambia muuguzi: sina dini, nikizidiwa mwite dada yangu.

Nipo Tanga, nina miaka 27, naishi na mama yangu. Ramadhani yote nafunga naye, naamka naye daku, naenda naye tarawehe, na moyoni sina uhakika na chochote. Je, mimi ni mnafiki? Nimwambie?

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara nyingi. Mimi sikulelewa katika Uislamu, na najua kwamba kwenu jambo hili ni zito kuliko lilivyokuwa kwangu. Linagusa ndoa, mirathi na nafasi yako ndani ya ukoo. Kwa hiyo usiharakishwe na mtu yeyote, hata mimi. Kama bado unategemea nyumba ile kwa paa na chakula, una ruhusa ya kusubiri.

Kuhusu unafiki: mnafiki anajionesha ili apate kitu. Wewe unaamka saa kumi usiku ili mama asile daku peke yake. Hayo ni mapenzi, na njaa unayoishinda ni njaa ya kweli. Mpaka wangu ni mmoja: usiongoze sala usiyoiamini, na akikuuliza ana kwa ana, usimdanganye.

Mimi nilimwambia baba jioni moja barazani, yeye akipukuchua mahindi. Alikuwa na miaka 71. Nikamwambia, baba, siwezi tena kuitamka Imani ya Mitume kwa sababu nikiitamka nakuwa nasema uongo. Hakuinua macho. Akalipukuchua gunzi lile mpaka punje ya mwisho, akaliweka pembeni, akachukua lingine. Kisha akasema, "Afadhali nimelisikia kutoka kwako." Tangu siku hiyo hadi alipofariki, kila tulipokaa mezani aliniombea kwa jina langu, kwa sauti, nikiwa nimeketi pale pale. Nami niliinamisha kichwa kila mara. Sikuwa nikijifanya. Nilikuwa naheshimu kitu alichonipa, na hakuwa na kikubwa kuliko hicho.

Mwanangu wa miaka saba amefiwa na bibi yake mwezi uliopita. Kila usiku ananiuliza bibi yuko wapi. Shangazi yake amemwambia yuko mbinguni. Mimi nimwambie nini?

Usimpinge shangazi mbele ya mtoto. Anza na unayoyajua: bibi amekufa, mwili wake uko pale tulipomzika, haumwi tena wala hasikii baridi. Usimwambie amelala, maana utamfanya mtoto aogope kitanda. Kisha mwambie kwamba watu wengi wanaamini yuko mbinguni, akiwemo shangazi, na wewe hujui. Mtoto anaweza kulibeba neno hilo kama anaona wewe mwenyewe unalibeba, na kama unaruhusu akuone ukilia.

Binti yangu alikuwa na umri huo mama yangu alipofariki. Kila mwaka, siku ile aliyofariki, tunapika makande kwa kikombe chake cha kupimia, cha bati, kimebonyea upande mmoja. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunachagua mawe kwenye maharage, akaniuliza, "Bibi anajua kwamba tunampikia?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

Akanyamaza kidogo, vidole vyake bado vimo kwenye ungo. Halafu akasema, "Basi leo tusiweke chumvi yako. Tuweke ya bibi."