Jibu: Safari ya ndege ya muda wa saa 12, daraja la kawaida, nibebe chakula?

Ndugu, kula utakula, usihofu. Mlo wa kwanza huja kama saa moja baada ya ndege kupaa, wa pili kabla ya kutua. Katikati taa huzimwa na wahudumu hupotea. Ukishikwa na njaa, nenda nyuma kwenye jiko lao uombe maji na vitafunio. Wengi hawajui, wanakaa na njaa zao hadi asubuhi. Chakula utakiona chapwa, maana hewa kavu na mngurumo wa injini hupunguza ladha ya chumvi na sukari. Mlo maalumu (kama wa wasiokula nyama) huagizwa angalau saa 24 kabla ya safari, na mara nyingi huletwa kwanza (mimi huagiza kwa sababu hiyo tu!). Ila mashirika ya bei nafuu huuza hata maji, kwa hiyo soma tiketi yako vizuri.