Boda Yako Inakimbia, Mbona Pichani Imeegeshwa?

Msomaji wa Mbarara ametuma picha pamoja na malalamiko. Boda boda ilipita mbio, dereva kainama, abiria kashikilia kofia, lakini pichani wote wawili wanaonekana wametulia kama wako steji wanangoja mafuta. Anauliza anunue kamera gani. Ndugu, usinunue kitu. Faili la picha yako linasema shata, yaani mlango unaoruhusu mwanga kuingia kamerani, ilifunguka kwa 1/2000 ya sekunde. Kamera ilitii amri, ikagandisha kila kitu hadi spoki za gurudumu. Na gurudumu ambalo spoki zake zinahesabika, kwa macho ya mtazamaji, halizunguki.

Anza na hesabu, maana wengi hukariri namba za shata bila kujua zinapima nini. Boda inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/1000, boda imesogea sentimita 1. Kwa 1/250, sentimita 4. Kwa 1/60, karibu sentimita 17. Kwa 1/30, sentimita 33. Sasa chukua fremu inayobeba mita 5 za barabara, yenye nukta (pikseli) 6000 kwa upana. Sentimita 1 ni nukta 12, kitu ambacho hakuna atakayekiona kwenye simu. Sentimita 17 ni nukta 200, na hizo anaziona hata mtoto. Rudi nyuma hadi fremu ibebe mita 50, na ukungu uleule, yaani kufutika kwa kitu kilichosogea, unapungua mara kumi. Boda ikikujia uso kwa uso, ukungu unapungua zaidi, kwa sababu haikati fremu, inakua tu. Ndiyo maana anayekuuzia "namba ya shata ya kupigia picha boda" bila kuuliza umesimama wapi anakupotosha.

Lakini ukungu peke yake nao si mwendo. Ukiweka 1/30 na kamera ikatulia, utapata ukuta mkali na boda iliyofutika kama chaki ubaoni. Unachotaka ni kinyume chake: boda itulie, ukuta ukimbie. Hapo unaifuata kwa kamera.

Weka 1/60, fokasi ya kufuata badala ya ile inayojifunga mara moja, na upigaji wa mfululizo. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo ukisimama pembeni ukiitazama barabara, boda za karibu zinatoka kuliani kwako. Chagua hizo, za upande wa pili zitafunikwa na teksi wakati uleule ulioutaka. Rudi nyuma mita 6 au 8, nje kabisa ya lami. Elekeza vidole vya miguu pale utakapobonyeza, si pale boda inapotokea, kisha pinda kiuno kuifuata tangu ikiwa mbali. Viwiko vibane mbavu. Weka nukta ya fokasi kwenye helmeti au jaketi la dereva na uibakize hapohapo. Bonyeza ikifika mbele yako, na usisimamishe kiuno. Kosa kubwa la wanaoanza ni hilo: kidole kinabonyeza, mwili unaganda, na picha inaharibika sekunde ileile ilipokuwa inaandikwa.

Ukifuata vizuri, dereva anatulia lakini gurudumu halitulii. Kwa mwendo ule wa kilomita 36, ukingo wa tairi unazunguka sentimita 17 ndani ya 1/60, na spoki zinageuka sahani ya ukungu. Hilo ndilo linaloiambia akili kwamba chombo kinatembea. Ukizoea, shuka 1/30, halafu 1/15. Ukipata tatu nzuri kati ya thelathini, umefanya kazi.

Mambo mawili huharibu hata kwa mkono mzuri. La kwanza ni mashimo na matuta. Kiuno chako kinafuata mwendo wa pembeni, hakiwezi kufuata boda inayoruka juu na chini, kwa hiyo tafuta kipande cha lami laini. La pili ni mandhari ya nyuma. Ukuta mweupe ukifutwa unabaki ukuta mweupe. Maduka yetu yaliyopakwa njano na nyekundu za kampuni za simu, miavuli ya wauza airtime, mikungu ya matoke: hivyo vinatoa michirizi ya kupendeza.

Mchana wa Kampala una mwanga mwingi mno kwa shata ya polepole. Juani, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na f/16 (upana wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua) zinataka takriban 1/125. Ukitaka 1/30, utahitaji f/32, ambayo lenzi nyingi hazina, na zilizo nayo hulainisha picha. Dawa ni filta nyeusi ya ND8: inakata mwanga mara nane, nawe unapiga f/11 kwa 1/30. Huna filta? Ngoja mawingu, au saa kumi na moja jioni.

Ngoma zinataka akili nyingine. Kwenye Baakisimba ya Buganda, kiuno kinafanya kazi yote huku mabega na uso vikitulia. Piga 1/15: uso unabaki mkali, manyoya ya ngozi iliyofungwa kiunoni yanageuka moshi. Kwa Wakaramojong wanaoruka ni tofauti, maana mrukaji akifika kileleni husimama hewani kwa kitambo kidogo. Hapo 1/250 inatosha kumgandisha. Akiwa bado anapanda utataka 1/1000. Ndani ya ukumbi wenye taa, usipite 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka zaidi inakuachia mistari ya giza pichani. Zima pia shata ya kimya, ile ya kielektroniki. Inapinda spoki na miguu.

Maji nayataja kwa ufupi kwa kuwa yameshachoshwa na kila mtu. Kwenye maporomoko ya Sipi, ukiwa mbali, nusu sekunde kwenye stendi ya kamera inabakiza nyuzi za maji. Sekunde kumi zinakupa uji. Kwenye maporomoko ya Murchison, pale Nile inapobanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi, maji yana kasi kiasi kwamba 1/15 tayari ni hariri. Futa lenzi kila baada ya picha chache.

Michirizi ya taa za magari ina muda mfupi wa kupigwa. Huku karibu na ikweta, jua likizama giza linakamilika ndani ya dakika 20 na kitu, kwa hiyo stendi iwe imeshasimama kabla ya saa moja jioni. ISO 100, f/11, sekunde 8 hadi 15, kitulizi cha lenzi kimezimwa, na saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Magari yanayokuja yanachora nyeupe, yanayokwenda yanachora nyekundu. Boda zisizo na taa ya nyuma, ambazo si haba, hazitachora chochote.