Mabomba ya maji kwenye chesisi: injini nyuma, rejeta mbele

Mkuu, umeuliza kama mipira ya rejeta inaweza kupita ndani ya zile paipu za mraba za chesisi, maana gari unalojiundia lina injini ya Corolla nyuma na rejeta puani. La kwangu nimeliunda hapa Mbeya kwa mpangilio huohuo. Nilikosea, nikaunguza gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Ndani ya paipu za chesisi usipitishe. Mpira ukivuja humo hutauona, na kingo zilizochomelewa zinaukata polepole. Kuna wanaotaka maji yapite kwenye chesisi yenyewe bila mpira. Hao nawakatalia kabisa: kutu na mabaki ya kuchomelea vitaishia kwenye rejeta.

Kabla hujakata chuma, nenda kalale chini ya Kirikuu, yaani Suzuki Carry. Injini iko chini ya viti, rejeta mbele, na maji yanasafiri kwenye mabomba ya chuma. Mpira upo kwenye maungio tu. Fanya hivyo. Mimi nimetumia stenlesi, na kila ncha fundi ameivimbisha kidogo ili mpira usichomoke klipu ikilegea. Bomba la maji la nyumbani, lile la mabati, liache. Zinki yake haipatani na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta.

Sasa kosa langu. Bomba la maji moto nililipandisha juu ya chuma cha kukingama nyuma ya kiti, kisha likashuka kwenda mbele. Pale juu pakawa na nundu iliyozidi kimo cha mdomo wa rejeta. Kwenye tambarare gari lilitembea vizuri wiki nzima. Siku nilipopanda barabara ya Chunya kuelekea Kawetere, mshale wa joto ulipanda, ukakaribia kwenye nyekundu, halafu ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. Nikafurahi, nikakanyaga mafuta. Kumbe maji yalikuwa yameihama sensa na imebaki kwenye mvuke, haisomi kitu cha maana. Dakika chache baadaye injini ikaanza kugonga na nguvu ikaisha. Mkuu, mshale ukishuka ghafla mlimani, zima gari hapohapo, na mfuniko usiuguse mpaka ipoe.

Kwa hiyo shida kubwa ya mabomba marefu ni hewa. Bomba likipita chini na kupanda kwenye ncha zote mbili halina tatizo, hewa itakimbilia juu. Nundu katikati ndiyo inayoua, maana hewa inakwama humo na kuzuia maji. Mahali pasipokwepeka, chomelea koki ndogo ya kutolea hewa juu ya nundu yenyewe. Mimi nilihamisha bomba lote chini, ubavuni mwa chesisi, mbali na ekzosi, nikaacha koki moja karibu na themostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto.

Kujaza: mabomba yangu ni mita 6 kwenda na kurudi, kipenyo cha ndani milimita 28, peke yake yanameza karibu lita 3.7, kwa hiyo usishangae. Panda na gari kwenye kilima ili pua iwe juu, fungua koki, mimina taratibu mpaka yatoke maji bila mapovu, funga, washa, endelea kuongeza themostati inapofunguka. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena. Langu lilikunywa karibu nusu lita siku ya pili.

Mfuniko wa rejeta usiupuuze huku kwetu. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94. Mfuniko mzima wa 0.9 (ndiyo namba ya shinikizo unaloshikilia) unayafikisha karibu 115. Uliochoka unakurudisha kule chini.

Kila bomba linapopita kwenye tundu la chuma, vika mpira mnene na lifunge lisicheze. Mpira wangu mmoja ulikuwa unagusa ukingo tu, kidogo sana. Nilipoufungua ulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, na katikati ya mstari nyuzi nyeupe za ndani zimeanza kuonekana.

Mpira wa upande unaovutwa na wota pampu uwe mgumu au wenye springi ndani, la sivyo utajibana ukikanyaga mafuta.

Pima kimo cha mdomo wa rejeta na cha themostati kutoka ardhini, uweke hapa na picha ya chesisi kabla hujachomelea chochote.